Kimungu Nilichokibuni Kinamzuia Mke wa Rafiki Yangu Kukimbia

Mama Béata mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kama inawezekana naomba unijibu gazetini kabla ya Jumamosi, kwa sababu jambo hili haliwezi kungoja, nami nimefika mahali ambapo hata chakula hakipiti, mama yangu ananiuliza kama ninaumwa namwambia ni malaria, kumbe ni mungu mmoja mdogo niliyemtengeneza mwenyewe kwa mdomo wangu, na sasa sijui namna ya kumnyamazisha.

Usinicheke, mama. Mimi ni kijana wa Katoyi, nafundisha shule ya msingi, naimba kwaya ya parokia, wala si mtu wa mambo ya giza. Ila nina mchezo wangu. Ni mchezo wa kusimulia: watu wanakaa kuzunguka meza, mmoja ndiye msimulizi, naye anabuni nchi nzima ambayo haipo, na milima yake na masoko yake na wafalme wake, kisha kila mchezaji anachukua mtu mmoja wa nchi hiyo na kusema atafanya nini, na dadu zikitupwa zinaamua kama amefaulu au ameshindwa. Msimulizi ni mimi. Tuliuanza mwaka wa 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na siku chache baadaye mji ukaamriwa kuhama, sisi tukajikuta Sake katika darasa moja na familia nyingi, ardhi inatikisika kutwa, watoto wanalia, hakuna kazi isipokuwa kuogopa, nami nilikuwa na dadu mfukoni, basi tukacheza ili tusipate wazimu. Tulikuwa mimi, Modeste wa kwaya, rafiki yangu Anastase ambaye ni dereva wa lori, na mke wake Joviale.

Nchi yetu ilihitaji miungu. Ile mikubwa tuliiacha, na mlima hasa hatukuugusa, hata katika mchezo, maana Modeste alisema kuna vitu haufanyii mzaha wakati vinakutazama, kwa hiyo tukabuni vimungu, vya mambo madogo madogo ambayo miungu mikubwa haina nafasi nayo, na sheria yangu ilikuwa kwamba kila kimungu kiwe na kazi moja, kitu kimoja kinachokipenda na kitu kimoja kisichokiweza, kwa sababu kikiweza kila kitu si kidogo tena. Tukampata Kabidon, anayekaa kwenye foleni ya maji kati ya madumu ya njano, anapenda kusalimiwa kabla ya watu, na dumu lililojaa hawezi kulinyanyua. Tukampata Bi Rezo, anayekaa juu ya mnara wa simu, anapenda kusifiwa, na akisikia bunduki anakimbia wa kwanza. Tukampata Kachukudu, anayesukuma chukudu za watu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kwenye mteremko lakini mlima hajui kuupanda, na huyo Anastase alimpenda sana, alicheka hadi watu wa darasani wakageuka kututazama, na nakuambia mama, siku zile kicheko kilikuwa kitu cha ajabu.

Wa mwisho aliombwa na Joviale. Usiku ule wa moto wenyewe walikuwa wamepotezana, yeye alikimbia kuelekea Sake na majirani, Anastase akarudi Kyeshero na lori kumtafuta nyumbani, hakumkuta, akaenda Sake, naye Joviale akasikia kwamba mumewe ameonekana Kyeshero, akarudi, wakapishana njiani, kisha wakapishana tena, mpaka Joviale akachoka, akakaa kizingitini mwa nyumba yao akasema haondoki tena hata moto ukija, na hapo ndipo Anastase alipomkuta. Basi Joviale akasema tubuni kimungu cha watu wasiorudi. Nikamwita Kangojea. Kazi yake ni kumrudisha mtu aliyetoka, anapenda afunikiwe sahani ya chakula kila jioni, na asichokiweza ni hiki: anajua mlango mmoja tu, ule ambao mtu alitokea, na ukihama hakupati. Wote walisema ni kizuri. Hata mimi nilijiona fundi.

Sasa mama, vita hivi. Mwezi wa kwanza Anastase alipanda Masisi na lori kuchukua viazi, mapigano yakafunga barabara ya Sake nyuma yake, simu yake haipatikani hadi leo, na hakuna dereva mwenzake anayejua alilala wapi siku ile. Sisi tumeendelea kucheza Jumamosi baada ya kwaya, kiti cha Anastase tunakiweka palepale, na yule mhunzi wake wa mchezo mwenye mguu mmoja namtupia dadu mimi, ili asife. Na Jumamosi moja Joviale, ambaye katika mchezo ni muuza chumvi, akasema muuza chumvi anataka kumuuliza Kangojea neno moja, nami nikasema aulize, akauliza, "Niende ao nibakie?", akatupa dadu, ikaleta namba ya juu kabisa, na namba hiyo kwa sheria zetu maana yake kimungu kinajibu. Nami nikajibu, kwa ile sauti ya Kangojea ninayoifanya, nyembamba nyembamba, nikasema, "Bakia. Mulango ni huu." Nilifikiri tunacheza. Joviale alilia, akasema asante, akambeba Munezero, mtoto wao ambaye bado ananyonya, akaenda zake, nami nilifurahi kwamba nimemfariji.

Siku zilizofuata mama yake Joviale, Mama Namegabe, akafika na boti kutoka Bukavu kuja kuwachukua, yeye na mtoto, kwa sababu mabomu yanasikika hadi Kyeshero na moja lilianguka upande wa Mugunga, Joviale akakataa, mama akasihi, akakataa, na mwishowe Mama Namegabe akaulizia kwangu hadi akafika, akanikuta nafua shati.

"Njo weye muungu wa mutoto wangu?" akaniuliza.

Nikasema, "Mama, karibu, ikala."

"Sikale. Bato ni ya siku ya kwanza. Mabombe iko nakaribia, mutoto wangu ananiambia eti Kangojea anakatala. Kangojea ni nani? Nimeulizia ku avenue yote, hakuna mutu anamujua. Mapadri nao hawamujui."

Nikamweleza kwamba ni mchezo. Akasema, "Basi kama ni muchezo, kuya umwambie." Nikaenda naye, na nilipofika mlangoni kwa Joviale nikaona sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, na kitambaa safi juu, kama ya sikukuu. Joviale hakukasirika. Alisema polepole tu, "Damien, weye unajua. Ile mwaka ya moto, kama singekala ku mulango, tungepotezana. Nikienda Bukavu, Anastase akirudia hapa, akute nani?" Nami, mama mshauri, nililikimbia swali. Nikasema nitarudi, nikaondoka, Mama Namegabe akaniita kwa nyuma nikajifanya sisikii.

Sasa Jumamosi tunacheza na Jumatatu, hiyo siku ya kwanza ya Mama Namegabe, boti inaondoka. Modeste ananiambia ni rahisi, Jumamosi nimfanye Kangojea aseme, "Nenda Bukavu," na Joviale atakwenda, basi, mambo yamekwisha. Lakini nikifanya hivyo na boti ikapata ajali ziwani je? Na Anastase akirudi Jumanne akakuta nyumba tupu je? Nikimwambia kwamba Kangojea si kitu, atasikia kwamba namwambia Anastase amekufa, na hilo mimi silijui na sitaki kulijua. Nikinyamaza, bomu likaanguka Kyeshero, ni mimi niliyemwambia abaki, na mtoto ndani. Kila ninapogeuka ni mimi. Na kuna jambo lingine naona aibu kulisema, kwamba juzi kwenye bomba la maji nilijikuta namsalimu Kabidon kabla ya watu, si kwa mzaha, kwa hofu, halafu Jumapili tukasoma Amri za Mungu kanisani nikashindwa kuimba. Je, nimefanya dhambi ya kuabudu miungu mingine? Na nifanye nini Jumamosi?

Ni mimi, Damien wa Katoyi. Jina unaweza kuliondoa, lakini wanaonijua watanijua tu.

*

Damien,

Jina nimeliacha, kwa sababu Joviale anastahili kujua nani ameandika.

Nianze na dhambi yako, tuimalize. Nenda kwa padri, ndiye mwenye kazi hiyo. Kwa upande wangu, sijawahi kusikia kwamba Mungu anamwonea wivu mlinzi wa madumu ya maji. Watu walikaa darasani Sake wakiogopa, mkabuni vitu vya kuchekesha, mkacheka, Anastase akacheka hadi watu wakageuka. Hilo usilitubu. Ningekuwa Sake siku hizo ningeomba kiti.

Lakini usijifiche nyuma ya Amri za Mungu ili tusikuone unapokosea. Dadu haina mdomo, kijana wangu. Dadu ilileta namba, na wewe ndiye uliyeleta maneno. Mwanamke ambaye mumewe hajulikani alipo alikuuliza kama aende au abaki, na mabomu wote mnayasikia, na wewe ulifanya sauti nyembamba. Ulidhani ni muuza chumvi anayeuliza? Hukumwona mtoto mgongoni? Hapo ndipo ulipaswa kuweka dadu chini na kumwambia, dada, hili tulizungumze nje ya mchezo. Hukufanya hivyo kwa sababu sauti ya kimungu ni tamu kuitumia, na sauti ya Damien inaogopa. Nakuelewa, na bado nakukemea.

Sasa sikiliza, maana umelishika jambo hili kwa mkia. Unadhani Kangojea ndiye anayemzuia Joviale. Si yeye. Joviale alikaa kizingitini kabla hujampa kimungu hicho jina. Alijifunza mwaka wa 2021, kwa miguu yake, akipanda na kushuka barabara ya Sake, kwamba anayetembea anapotea na anayekaa anapatikana. Ilimfaa. Alimpata mumewe. Nani angesahau somo kama hilo? Katika mji huu wengi tuna somo letu la mwaka ule, na kosa letu ni kulitumia lilelile kila hatari ikija. Moto wa mlima ulisimama ukapoa, aliyekaa akaokoka. Vita havina tabia hiyo. Kwa hiyo hata ukimuua Kangojea Jumamosi kwa dadu zako zote, Joviale atabaki mlangoni, ila atabaki peke yake, bila hata hicho kimungu.

Na wewe pia unangoja, Damien. Umeniandikia kama jambo dogo kwamba mnaweka kiti cha Anastase na unamtupia dadu mhunzi wake ili asife. Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Rafiki yako hajulikani alipo na hukuniambia hata mara moja kwamba unaumia; umeniambia tu kwamba huli. Sema unaumia. Mwambie mama yako si malaria.

Shauri la Modeste likatae. Najua lingefaulu, na ndiyo sababu nalikataa. Kangojea akisema "nenda" na Joviale akaenda, kesho atataka kumuuliza apande boti ipi, keshokutwa mtoto akipata homa atamuuliza dawa ipi, na siku atakapokuja mtu kumletea habari za Anastase, njema au mbaya, atakataa kuamini mpaka wewe ufanye sauti nyembamba. Wewe si nabii. Wewe ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye dadu, na hilo linatosha kabisa.

Jumamosi msicheze. Ijumaa, mchana, baada ya shule, nenda Kyeshero na Modeste, na dadu ziache nyumbani. Mama Namegabe awepo, akae, naye asikilize, na tafadhali mwambie kabla hamjaingia kwamba neno "mjane" lisitoke kinywani mwake, maana nawajua akina mama wanaoogopa, wanasema la mwisho kwanza. Kaa chini. Usikatae chai. Kisha sema kwa sauti yako ya kawaida, "Joviale, ile sauti ilikuwa yangu. Mimi njo nilisema bakia. Sijue Anastase iko wapi." Ukimaliza hapo, nyamaza. Usiongeze kwamba amekufa, hujui. Usiongeze kwamba atarudi, hujui vilevile. Atalia, au atakufukuza, au atakutukana kwa lugha zote za Kivu, na utakaa palepale mpaka amalize. Hilo ndilo deni lako kwake.

Halafu mjibu swali lake, kwa sababu alikuuliza swali zuri sana na ukakimbia. Alisema, Anastase akirudi hapa akute nani? Ni swali la mtu mwenye akili timamu. Usimwambie "Mungu atajua." Mjibu kwa vitendo.

Umesahau tulivyofanya mwaka ule? Mji mzima tuliandika kwenye milango. Kwa mkaa, kwa chaki, kwa kalamu za watoto, jina na namba ya simu, na watu wakapatana. Nimewaona kwa macho yangu wakisoma mlango, wakipiga magoti, wakicheka. Basi andikeni. Si kwa mkaa, mvua itaufuta. Tafuteni rangi ya mafuta, kwa fundi yeyote wa mageti itapatikana. Andikeni jina lake, na namba ya Mama Namegabe, na "mtoto mzima." Msiandike mmekwenda wapi wala kwamba nyumba ni tupu, maana si Anastase peke yake anayepita Kyeshero. Andikeni nje, na ndani pia nyuma ya mlango, na kwenye jiwe la msingi, kwa sababu mbao huibwa na jiwe letu la volkano hakuna anayelitaka. Jirani anayebaki apewe namba hiyohiyo aiweke kichwani. Nendeni kwenye maegesho ya malori yaliyokuwa yakienda Masisi, ongeeni na madereva mmoja mmoja, waonyesheni picha yake; dereva humkumbuka dereva. Nendeni Msalaba Mwekundu wanakoandikisha wanaotafuta watu wao. Na mniletee jina lake kamili hapa gazetini, nitalitoa bila malipo hadi apatikane au hadi mimi mwenyewe nihame.

Joviale mwenyewe ndiye ashike brashi. Si wewe, wala mama yake. Miezi hii yote hajapewa kitu cha kufanya isipokuwa kufunika sahani.

Na hiyo sahani, asikatazwe. Aifunike Bukavu kwa mama yake kama anataka, kila jioni, kwa kitambaa safi. Mke kumwekea mumewe chakula si ibada ya sanamu, ni ndoa. Mtoto akikua aone baba yake anawekewa.

Boti nayo inakutia hofu, na una haki. Wasipande iliyojaa kupita kiasi, hata nahodha akiapa. Wangoje nyingine, mtoto afungiwe jaketi la kuokolea kwanza kabla ya mzigo wowote. Huo ndio uangalifu ulio mikononi mwenu. Likitokea la ziwa, halitakuwa lako. Umeniandikia kwamba kila unapogeuka ni wewe. Hapana. Kuna vita, kuna ziwa, kuna barabara iliyofungwa, na wewe ni mtu mmoja uliyesema neno moja vibaya, ambalo Ijumaa utalirudisha. Ukisharudi, keti na mama yako mzungumze ninyi nanyi mtakimbilia wapi, maana barua nzima hukuniambia.

Kiti cha Anastase kiacheni mezani. Mhunzi wake usimtupie dadu tena, mwache apumzike, mwenyewe akirudi ataendelea naye.

Kangojea anajua mlango mmoja tu. Umeamua hivyo na sikubishii, ni wako. Lakini huyo hatumhitaji. Ijumaa pakeni rangi, Jumatatu Joviale aende.

Anastase anajua kusoma.

Mama Béata